Tuhesabieni Chembe za Damu: Barua ya Wazi kwa Wakubwa wa Afya wa Haut-Katanga

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Jimbo la Haut-Katanga, kwa Daktari Mkuu wa Idara ya Afya ya Jimbo (DPS), kwa wasimamizi wa ghala la dawa la CAMELU, na kwa wauguzi, watu wa labo na wauza dawa wote kuanzia Lubumbashi hadi Kasenga.

Waheshimiwa na ndugu zangu,

Nawaandikia kutoka Kasenga, ukingoni mwa Luapula. Mimi ni mwalimu wa biolojia, na tumboni mwangu, chini upande wa kulia, imo figo ya yaya yangu. Nilipandikizwa India, kama wengi wa nchi hii waliobahatika kufika huko: ukoo ulichanga, kiwanja kikauzwa, pasipoti zikatafutwa, tukaondoka wawili tukarudi wawili. Figo inafanya kazi vizuri. Siandiki kuilalamikia. Naandika kwa sababu ya damu.

Mtu akibadilishiwa figo watu humpongeza kana kwamba amepona. Hajapona. Ameacha ugonjwa unaoua upesi, akaingia katika hali anayoweza kuishi nayo miaka mingi, mradi iangaliwe. Asubuhi na jioni anameza dawa za kushusha kinga ya mwili ili isiishambulie figo ya mtu mwingine, na atazimeza siku zote figo hiyo itakapokuwa hai. Dawa hizo hizo zinaweza kuichezea damu. Zinaweza kupunguza chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu, kukausha chembe nyekundu, kupoteza chembe sahani zinazogandisha damu mtu anapojikata, na baada ya miaka mingi kuzaa saratani ya tezi au ya damu yenyewe. Hakuna siri hapo. Yameandikwa kwenye kikaratasi kinachokunjwa ndani ya boksi. Kinachoyagundua mengi ya hayo mapema ni kipimo cha bei ndogo kuliko vyote nilivyowahi kupimwa: kuhesabu chembe za damu. Ninachoomba ni kwamba kipimo hicho kifanyike Kasenga, kwa ratiba, na kisomwe na mtu anayejua mgonjwa anameza nini.

Naomba mnivumilie nieleze dawa hizi zilikotoka, maana asili yake ndiyo inayoeleza madhara yake.

Dawa yangu mojawapo ni azathioprini. Ilitoka katika maabara ya kampuni ya Burroughs Wellcome nchini Marekani, kwa George Hitchings na Gertrude Elion, ambao hawakuwa wakifikiria figo hata kidogo. Walikuwa wakitafuta dawa ya leukemia, saratani ya damu, wakapata merkaptopurini, ambayo ilianza kutumika kwa watoto wagonjwa mwaka 1953. Kazi yake ni kuzuia chembe zinazozaliana kwa kasi. Mwaka uliofuata, Desemba 1954, Joseph Murray alipandikiza figo mjini Boston kutoka kwa pacha kwenda kwa pacha mwenzake, na kwa kuwa pacha wale walifanana kabisa, mwili haukuikataa. Sisi ambao hatuna pacha tulilazimika kungoja dawa. Roy Calne, daktari kijana kutoka Uingereza, aliwajaribu mbwa kwa azathioprini huko huko Boston, na mwaka 1962 ikaanza kuwafaa watu. Azathioprini ikiingia mwilini hugeuka kuwa merkaptopurini. Kwa maneno mengine, kila jioni nameza mtoto wa dawa ya leukemia. Inazizuia chembe nyeupe zinazotaka kuikataa figo, lakini haina macho ya kuchagua. Inaubana pia uboho wa mifupa, mahali damu yote inapotengenezwa.

Ndiyo maana watengenezaji wenyewe waliweka ratiba. Mtu akianza azathioprini, chembe zake zihesabiwe kila wiki katika mwezi wa kwanza, mara mbili kwa mwezi katika miezi miwili inayofuata, kisha kila mwezi. Wapo watu wachache waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoivunja dawa hii, na kwao hata kipimo cha kawaida kinaweza kuzima uboho. Huwezi kuwajua kwa kuwatazama usoni. Utawajua kwa kuhesabu.

Sasa niwapeleke famasi.

Waliopandikizwa figo hupata jongo kwa urahisi, hasa wanaotumia siklosporini au vidonge vya kukojoza. Usiku kidole gumba cha mguu kinavimba, kinawaka, hata shuka linauma. Asubuhi mtu anachechemea hadi famasi, naye anapewa Zyloric, yaani alopurinoli, bila karatasi ya daktari. Ni dawa nzuri ya jongo. Kwa anayemeza azathioprini ni hatari kubwa, na hadithi yake ni ya ajabu kidogo: alopurinoli nayo ilitoka kwa Hitchings na Elion. Mwanzoni waliitaka imsaidie ndugu yake merkaptopurini kukaa mwilini muda mrefu zaidi, kwa kufunga kimeng'enya kinachoivunja. Kimeng'enya hicho hicho ndicho kinachotengeneza asidi ya yuriki, na hapo ndipo dawa ya jongo ilipozaliwa. Waliotengeneza dawa hizi mbili walijua tangu mwanzo kwamba moja inaiongezea nyingine nguvu. Daktari akilazimika kuzitoa pamoja, huishusha azathioprini hadi kama robo ya kipimo chake, na huhesabu damu mara kwa mara. Asipoishusha, chembe nyeupe huporomoka ndani ya wiki chache. Mdomo unajaa vidonda, koo linafunga, homa inapanda. Hitchings na Elion walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Mimi niliuziwa Zyloric katika famasi moja ya Lubumbashi na kijana mwenye adabu sana, ambaye hakuniuliza ninatumia dawa gani nyingine. Sikuimeza, kwa sababu vimeng'enya ndiyo kazi yangu darasani. Wagonjwa wangapi ni walimu wa biolojia?

Ndugu zangu wauza dawa, swali hilo moja, "Baba, unameza nini kingine?", halina gharama yoyote. Naomba DPS na ACOREP, mamlaka ya taifa ya kudhibiti dawa, walifanye kuwa sharti kwa kila boksi la alopurinoli, na karatasi yenye majina ya dawa za figo ibandikwe ukutani nyuma ya kaunta. Waongeze hapo rifampisini ya kifua kikuu, inayoshusha kiasi cha takrolimasi na siklosporini, dawa nyingine za kushusha kinga, hadi mwili uikatae figo, pamoja na erithromaisini na flukonazoli, zinazozipandisha hadi zigeuke sumu.

Tuje kwenye homa. Kwetu Kasenga homa ni malaria hadi ithibitishwe kuwa si malaria, na sina ugomvi na hilo. Tunaishi kwenye bonde la Luapula, mbu wanatujua kwa majina, na ng'ambo ya pili, Nchelenge kule Zambia, hali ni ile ile. Mgonjwa akifika kituoni anaandikiwa GE, yaani kipimo cha tone nene: tone la damu linawekwa kwenye kioo, linatiwa rangi, linatazamwa. Vijidudu vikionekana, dawa ya malaria inatolewa na mtu anarudi nyumbani. Lakini watu wazima wengi wa hapa hutembea na vijidudu vya malaria bila kuumwa. GE ikisema ndiyo, haijasema kwamba malaria ndiyo iliyoleta homa ya leo. Mtu mwenye figo ya kupandikizwa ambaye chembe zake nyeupe za ulinzi zimeshuka chini ya 1,000, akipata homa, yuko katika saa za hatari: anahitaji kulazwa na kupewa antibiotiki ya mshipani siku hiyo hiyo, hata kama malaria nayo ipo. Akipewa vidonge vya malaria na kuambiwa arudi baada ya siku tatu, huenda asirudi.

Labo nyingi za zone zetu za afya zinajua kuhesabu chembe nyeupe. Kwenye karatasi zao huandikwa GB na FL, idadi ya chembe nyeupe na mgawanyo wake. Hazihitaji mashine ya umeme. Zinahitaji hadubini, kioo cha Neubauer chenye mistari yake, maji ya Türk yanayoyeyusha chembe nyekundu na kuacha nyeupe zionekane, pipeti, na mtu mwenye subira. Nimemtazama fundi mmoja wa labo akifanya hivyo mchana wa jua kali, kioo cha hadubini kimeelekezwa dirishani kwa sababu umeme haukuwapo, akihesabu mraba kwa mraba huku midomo ikitikisika. Alimaliza kabla sufuria ya bukari ya jirani haijaiva. Alichokosa si ujuzi. Maji ya Türk yalikuwa yamebaki chupa moja, na kwenye ile karatasi hakuna aliyeandika kwamba mgonjwa ana figo ya kupandikizwa. Angeandika nini, kama hakuna aliyemwuliza mgonjwa?

Kuna jambo jingine la labo ambalo ni la bure kabisa. Katika tone nene la GE chembe nyekundu hupasuliwa na maji kwa makusudi, ili vijidudu vionekane. Kwa hiyo huwezi kuona umbo lake. Takrolimasi na siklosporini, mara chache, huharibu mishipa midogo ya damu. Mabonge madogo ya damu hujaa humo, chembe sahani zinaisha, na chembe nyekundu zinazojipenyeza zinakatika vipande kama vya kofia ya askari. Mgonjwa anakuwa na damu kidogo, chembe sahani chache, mkojo umebadilika rangi, na kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, inapanda. Muuguzi yeyote wa Kasenga ataitazama picha hiyo na kusema malaria kali, na kwa kawaida atakuwa sahihi. Lakini ukitandaza tone la pili kwa wembamba pembeni mwa lile nene, vile vipande vitaonekana kwa hadubini ile ile, na dawa ya kubadilisha itajulikana kabla figo haijafa. Kioo kimoja, rangi ile ile, dakika chache za ziada. Naomba iwe kanuni: kila GE ya mtu anayemeza dawa hizi iambatane na tone jembamba.

Mtu akikutwa hana damu, jibu letu la haraka ni mfuko. Mfuko wa damu umeokoa watoto wengi wa bonde hili na sitaki kuusema vibaya. Kwa aliyepandikizwa, hata hivyo, kila mfuko unaleta chembe za mtu mwingine, na mwili unaweza kujifunza kupitia hizo kutengeneza askari watakaoivamia figo kesho. Kama maisha hayako hatarini, kwanza iulizwe damu imekwenda wapi. Inaweza kuwa ukosefu wa madini ya chuma, safura, kichocho. Inaweza kuwa Bactrim, tunayopewa ili kuzuia nimonia na ambayo nayo hupunguza uzalishaji wa damu. Inaweza kuwa mikofenoleti, dawa nyingine ya kushusha kinga. Inaweza kuwa kirusi cha parvo B19, ambacho kwa mtoto mwenye afya huleta vipele tu, ila kwa mtu ambaye kinga yake imeshushwa huzima kabisa kiwanda cha chembe nyekundu. Inaweza pia kuwa figo yenyewe imeanza kuchoka, kwani figo ndiyo inayotoa amri ya kutengeneza damu. Sababu hizi hazitibiwi kwa dawa moja.

Upande wa pili upo pia, na ni wa hila kwa sababu unapendeza. Baadhi yetu, hasa katika miaka miwili ya kwanza, tunatengeneza chembe nyekundu kupita kiasi. Mtu ananawiri, macho yanang'aa, majirani wanamsifu kwamba India imemrudishia damu. Damu hiyo ni nzito na inaweza kuganda kwenye ubongo au mguuni. Dawa yake kwa wengi ni enalaprili au losatani, vidonge vya presha vilivyoko karibu kila famasi. Kinachokosekana ni mtu wa kupima na kusema: hii imezidi.

Sasa saratani. Najua jambo hili si la kusema ovyo, lakini likifichwa linaua zaidi. Mtu aliyeshushiwa kinga miaka mingi ana hatari kubwa ya limfoma kuliko wengine, na mara nyingi nyuma yake kuna kirusi ambacho sisi wa Afrika ya Mashariki na Kati tuna historia nacho. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya aliouona kwa watoto. Mwaka 1961 alitoa mhadhara London, na aliyekaa akimsikiliza alikuwa Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vikawa vinatumwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein, pamoja na Yvonne Barr na Bert Achong, akakiona kirusi kile kwa hadubini ya elektroni. Leo kinaitwa kirusi cha Epstein-Barr. Karibu kila mtu mzima anacho, kimelala. Kinga ikishushwa, kinaweza kuamka na kuzisukuma chembe nyeupe zizaliane bila kikomo. Watoto wa Kampala ndio waliotufundisha jina lake, na mtu wa Kasenga bado anaweza kufa nacho bila mtu yeyote kukitaja.

Mnajua kwa nini? Kwa sababu tezi zikivimba shingoni, mtu akikonda na kutokwa jasho usiku, kwetu hiyo ni kifua kikuu au UKIMWI. Anaanzishiwa dawa za kifua kikuu kwa kukisia. Rifampisini inaishusha takrolimasi, na sasa amepoteza figo wakati limfoma inaendelea. Thomas Starzl na wenzake waliandika mwaka 1984 kwamba uvimbe mwingine wa aina hii hurudi nyuma kwa kupunguza tu dawa za kushusha kinga. Yaani ukiwahiwa, hatua ya kwanza ya tiba ni kupunguza dawa ambayo mgonjwa tayari anayo mfukoni, chini ya macho ya daktari. Kwa hiyo tezi ya mtu aliyepandikizwa ikatwe kipande na ipelekwe kwa wataalamu wa Lubumbashi kabla ya kuanzishiwa chochote kwa kukisia. Na uboho wenyewe, baada ya miaka mingi ya azathioprini, unaweza kuharibika hadi kuleta leukemia. Ni nadra. Nalitaja kwa sababu nimekwisha kuwaeleza dawa hii ilizaliwa kwa ajili gani.

Najua jibu linalokuja. Mwalimu, mko wangapi? Akina mama wanajifungua barabarani, watoto wanakufa kwa malaria na surua, na wewe unataka kliniki ya watu waliokwenda India. Serikali ilianza mpango wa afya kwa wote kwa uzazi bila malipo, kule Kinshasa mwezi Septemba 2023, na haikukosea kuanza hapo. Sibishani na foleni. Lakini tazameni ninachoomba. Kuhesabu chembe za damu si kwa ajili yangu peke yangu. Kongo ni ya tatu duniani kwa watoto wanaozaliwa na selimundu, baada ya Nigeria na India. Wale watoto wanaoitwa SS wanahitaji kipimo hiki maisha yao yote. Wanakihitaji wenye lupasi wanaomeza azathioprini ile ile, wenye saratani wanaorudi kutoka Lubumbashi baada ya dawa kali, na mama mjamzito aliyepauka. Maji ya Türk na hadubini havimwulizi mgonjwa kama amewahi kupanda ndege.

Tena kazi hii wauguzi wetu wameshaifanya. Wenye umri wangu wanakumbuka miaka ya AZT. Dawa ile ya UKIMWI ilikausha damu ya baadhi ya wagonjwa, na mpango wa taifa haukusema wagonjwa wajitazame wenyewe. Wauguzi wa vituo vya mbali walifundishwa kupima hemoglobini kabla ya kuanza dawa na baada ya kuanza, kuiandika kwenye kadi, na kumbadilishia dawa aliyeshuka. Watu waliishi. Kilichowezekana kwa AZT kinawezekana kwa azathioprini, na idadi yetu ndogo inafanya kazi iwe rahisi zaidi.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Sheria ya Madini ilivyorekebishwa mwaka 2018 inalipa jimbo asilimia 25 ya mrabaha wa madini, na asilimia 15 inakwenda kwa maeneo yenyewe yanayochimbwa. Kasenga tunavua samaki. Fungu la wenye migodi halitufikii kama linavyofika Likasi au Kolwezi ya jirani zetu wa Lualaba. Basi lile fungu la jimbo ndilo letu pia, na chupa za maji ya Türk haziwezi kulitikisa.

Wala tusijidanganye kwamba watu wa figo watabaki wachache. Tanzania ilifanya upandikizaji wake wa kwanza Muhimbili, Novemba 2017, kwa msaada wa madaktari wa India, na Dodoma wakafuata katika Hospitali ya Benjamin Mkapa mwaka 2018. Mwaka 2023 Kigali wakaanza katika Hospitali ya King Faisal, na Mulago wakafuata mwezi Desemba mwaka huo huo. Kwenda Kigali si sawa na kwenda Chennai. Watakaokwenda wataongezeka, na kila atakayekwenda atarudi kuishi Kipushi, Pweto, Kilwa, Kasenga, akiwa na mfuko wa dawa na karatasi za daktari aliye mbali.

Sasa maombi yangu, kila mmoja kwa mlango wake. Mheshimiwa Waziri, tunaomba agizo kwamba aliyepandikizwa figo asajiliwe katika zone yake ya afya, apewe kadi inayoorodhesha dawa zake na namba ya simu ya daktari wa figo wa Lubumbashi, na kadi hiyo iheshimiwe hata mpakani. Nasema mpakani kwa sababu cheti cha homa ya manjano kinadaiwa kwa anayeingia nchini, na chanjo hiyo ina kirusi hai ambacho sisi hatupaswi kuchomwa. Tunahitaji cheti cha kusamehewa kinachotambulika, siyo mabishano na afisa kila tunapovuka. Daktari Mkuu, tunaomba siku moja kwa mwezi ambayo daktari wa figo wa Lubumbashi atapokea kwa simu matokeo ya damu kutoka kwenye zone, na mafunzo mafupi kwa wakuu wa vituo. Yasiwe semina ya hoteli. Ukurasa mmoja unatosha: chembe nyeupe zikishuka chini ya 3,000, piga simu leo; homa pamoja na chembe chache, laza leo; na mgonjwa asisimamishe dawa zote peke yake, kwa sababu figo itakataliwa.

CAMELU, azathioprini na siklosporini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (OMS) tangu zamani. Dawa ikikosekana Lubumbashi tunaagiza Ndola, tunaomba wasafiri, tunabadilishiwa mikofenoleti kwa azathioprini na azathioprini kwa mikofenoleti kulingana na kilichopatikana wiki hiyo. Kila badiliko ni mtikisiko mpya kwa uboho, na ni wakati ambapo damu inapaswa kuhesabiwa zaidi, siyo kusahauliwa. Wekeni akiba ndogo lakini isiyokatika. Pelekeni na vifaa vya kuhesabia kwenye hospitali kuu za zone, Kasenga ikiwemo, kwa utaratibu ule ule mnaopelekea dawa za malaria.

Na ninyi wenzangu mliopandikizwa, mlioko katika komini za Lubumbashi, Katuba, Kenya au Kampemba, au kijiji chochote kati ya hapa na Kilwa: msingoje agizo. Mkienda kupimwa, semeni kwa sauti kwamba mna figo ya mtu mwingine na mtaje dawa zenu. Ombeni GB na FL hata kama mlikwenda kwa GE. Tunzeni karatasi zote pamoja. Namba ya leo ina maana ikiwekwa kando ya ile ya mwezi uliopita.

Mvua zikianza, barabara ya kwenda Lubumbashi, zaidi ya kilomita 200, huchukua muda ambao mtu mwenye homa na damu isiyo na ulinzi hana. Tunaomba vifaa vya kuhesabia chembe na ile karatasi ya ukurasa mmoja vifike Kasenga kabla ya mwezi wa Novemba.

Wenu katika heshima,

Mwalimu wa biolojia,
Kasenga